Bi. Wilkista Naliaka Anaiaga Bendi ya Chuo

Ijumaa hii, tarehe 28 Julai 2006, Bi. Wilkista Naliaka anastaafu baada ya kufundisha muziki wa ala katika chuo chetu hapa Kitale kwa miaka ishirini na saba. Alikuja kutoka Kabuchai, Bungoma, mwaka wa 1979, tarumbeta yake ikiwa ndani ya gunia la mahindi kwa sababu sanduku lake lilikuwa limeliwa na mchwa.

Waliopita mikononi mwake wanaijua desturi yake. Anayejiunga na bendi hapewi tarumbeta. Hupewa kipulizio tu, kile kipande kidogo cha kuwekea midomo, na muhula mzima hukipuliza kikilia kama bata. Akiweza kupuliza kwa pumzi moja hadi hesabu ya kumi na sita, ndipo hufunguliwa kabati. Walimu wenzake wanakumbuka pia gwaride la Kanduyi mwaka wa 2001, mvua iliponyesha na tarumbeta kubwa kuliko zote ikamwaga maji kwenye viatu vya mgeni wa heshima. Bi. Wilkista hakusimamisha wimbo.

Lakini yeye mwenyewe ameniomba nisiandike ya kuchekesha peke yake. Ametaka niandike habari za Jelimo.

Jelimo alijiunga mwaka wa 2003. Wakati huo mazoezi yalifanyiwa ndani ya stoo ya ala, madirisha yamefungwa na blanketi zimetundikwa juu yake, maana mwalimu wa taipu katika chumba cha pili alilalamika kila siku: "Hiyo kelele yenu inafanya wanafunzi wangu wanaruka mistari!" Watu ishirini na wawili walivuta hewa ile ile saa mbili kila jioni. Jelimo alifika hesabu ya kumi na mbili, kisha akarudi kumi, kisha sita. Alikuwa akikohoa. Bi. Wilkista alimwambia mbele ya wenzake, "Huu ni uvivu tu, bana. Rudisha kipulizio."

Haukuwa uvivu. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Jelimo alifariki mwezi wa Machi mwaka uliofuata, akiwa na miaka kumi na tisa. Wanabendi wengine wanne waliugua, na Bi. Wilkista mwenyewe alimeza dawa kwa miezi minane. Tangu aliporudi kazini, mazoezi hufanyiwa uwanjani, jua liwe kali au upepo uwe baridi. Mwalimu wa taipu bado analalamika.

Wengine walimaliza masomo au waliogopa wakajitoa, na bendi ikabaki na watu watano. Mwanzoni mwa mwaka huu usimamizi ulitangaza kwamba bendi isipofikisha watu kumi kabla ya mkufunzi kustaafu, itavunjwa. Hata hivyo, kila aliyekuja kujiunga, Bi. Wilkista alimketisha kwanza akamweleza habari za Jelimo, pamoja na maneno yale aliyomwambia. Wengi waliaga kwa adabu, wasirudi tena. Naibu wa mkuu wa chuo, Bw. Kinyua, alimsihi: "Mama, si uwaandikishe kwanza? Hayo mengine watajua baadaye."

"Hapana, bwana," alijibu. "Anayeingia aingie akijua."

Mimi pia niliambiwa. Nilifikiri wiki nzima, kisha nikarudi. Kufikia Juni tulikuwa tisa, tukakwama hapo.

Jumatatu wiki hii mama mmoja alikuja uwanjani na binti yake. Alikuwa mamake Jelimo, na binti ni Chelimo, aliyeingia chuoni mwaka huu. Bi. Wilkista alianza kueleza kama kawaida yake. Yule mama akamkatiza.

"Hiyo naijua, mwalimu. Na bado sijakusamehe. Lakini huyu anataka bendi. Nimemkataza, ameshindwa kusikia."

Bi. Wilkista aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Asante, mama," akampa Chelimo kipulizio, na kuandika jina la kumi.

Bi. Wilkista, tunakushukuru kwa kutufundisha, na zaidi kwa kutotuficha. Nenda salama Kabuchai, kifua chako kiwe kizima, na miaka yako ya kupumzika iwe mingi na mitulivu. Bendi ipo.

Wacera Ngige, mwaka wa pili, kwa niaba ya wanabendi