Kipa Aliyesikika kwa Mgongo

Jumamosi moja ya mwaka 2019 teksi, daladala ya huku, ilikuwa ikifuata Jules Street, nami nimepakata mboga zangu. Mbele yangu mlinzi mmoja Mkongomani alimwambia dada wa Kikenya aliyekaa naye kwamba anakwenda Malvern kuiaga timu ya kanisa. Yeye ndiye kipa wao.

"Unaacha kwa nini, baba?"

"Yule kipa mfupi wa Meksiko amestaafu, dada, na miaka yake arobaini na sita. Nilijiambia, akidaka yeye, nadaka na mimi."

"Ulimwona wapi?"

"Sikumwona! Siku Kombe la Dunia lilipofunguliwa hapa, mwaka 2010, nililinda nyuma ya goli lake. Mlinzi anatazama watu, hatazami mpira. Nilimsikia tu, akigombeza mabeki wake."

Kitendawili, wajukuu zangu: yumo uwanjani, na mechi haioni.

"Vijana wa hapa, Bafana, walipofunga hukugeuka?"

"Bao nililiona kwenye nyuso za watu. Mama mmoja alilia, akanikumbatia hata mimi mgeni."

"Eish, ningegeuka mimi!"

"Ungefukuzwa kazi."

"Lakini huyo mtu hakujui. Magoti yako yanauma?"

"Mazima. Ila nikisimama golini nilikuwa namsikia nyuma yangu. Sasa amenyamaza."

Dada akacheka kwa upole. "Na wewe unayekwenda kuaga, mbona umeshavaa glavu?"

Teksi ilisimama baada ya roboti, zile taa za barabarani, baba akahangaika na mlango kwa mikono ile minene, mpaka dada akamfungulia.