Hakimu Aliyemtoza Mama Yake Mbuzi

Leo, tarehe 31 Machi 1914, Sifael Sumari anaacha kazi baada ya miaka kumi na miwili: saba akiwa msemaji wa serikali kwenye mashauri ya boma la Arusha, mitano akiwa hakimu wa baraza letu la Tengeru. Wenzake wameniomba mimi, Ndeshi, mama yake, niandike habari zake, kwa kuwa nilijifunza kusoma misheni uzeeni na kwa kuwa hakuna anayemjua kuliko mimi. Hilo la pili ni kweli tupu.

Tangu utotoni alichosha. Ukimwuliza nani amekula ndizi, anataka kwanza aliyeona. Alipooa, chungu kikivunjika mkewe alitakiwa kutoa maelezo, na kuku nao nusura waitwe.

Bomani sauti yake ilisikika mpaka Kimandolu. Nani mwingine mlimani hapa amezaa mtoto wa namna hiyo? Lakini akida mmoja wa serikali alipomshtaki mtu mmoja, Lomayani, kwa kukwepa kazi ya barabara, Sifael, aliyepaswa kuisemea serikali, alikwenda kwanza kumtazama mtu mwenyewe. Akamkuta amelala na mguu uliovunjika. Akarudi akaomba shauri lifutwe. Siku mbili nilikaa nikingoja wakubwa wa boma waje kumkamata. Wakampa uhakimu.

Basi nikatamba mlima mzima. Ukame ukaja, migomba yangu ikanyauka, nikafungua mfereji wa maji tunaoshirikiana alfajiri, siku ya zamu ya Nashilu, jirani yangu mjane. Akanishtaki. Nilikwenda barazani na shuka jipya, nikakaa mbele kabisa. Watu wakanong'ona kwamba mama wa hakimu akiachwa, zamu zimekwisha. Kila mwenye nguvu atajifungulia maji. Sifael akaniamuru nisimame kama washtakiwa wengine. Nikamkumbusha ni nani aliyemnyonyesha.

"Mama," akasema, "hapa barazani huna mtoto. Nyumbani unaye."

Akanitoza mbuzi, kama desturi ya mfereji inavyotaka. Nikatoa beberu wangu mkubwa, wazee wakamla, yeye hakuonja hata supu. Miezi miwili sikumpikia.

Ila tangu siku ile hakuna aliyegusa mfereji nje ya zamu. Anayetamani huambiwa: mama yake alilipa, wewe ni nani? Migomba ya Nashilu ilizaa mwaka ule. Yangu pia, sijui kwa nini ninakiri.

Mwanangu, umetuchosha, na tunakushukuru. Mungu akupe afya, kahawa yako ishike, ukae kwa amani na watu wako. Zamu yetu ya maji ni Alhamisi. Sasa huna baraza la kusingizia. Njoo na jembe.