Bi Njuga, Mwalimu Aliyewapa Watoto Mgongo

Jamaa na majirani, kaeni mtulie. Na wewe Meneja wa ukumbi, uliyewahi kiti cha mbele na kutandika leso usichafue suruali, kaa hapohapo. Marehemu alitaka uyasikie haya kwa karibu.

Tunayemzika leo, jina lake la kwenye kadi alilijua karani. Sisi tulimwita Bi Njuga, kwa zile kengele ndogo alizofunga miguuni. Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1951, katika chumba cha uani, mtoto wa tano na wa kwanza kuwatoa jasho wakunga wawili. Mkunga mkubwa aliapa kwamba kichanga kilitoka kikirusha mateke kwa mapigo, hata kuku uani wakaacha kudonoa, wakaanza kuyafuata. Asiyeamini akamuulize mkunga mwenyewe. Yuko hukohuko aendako marehemu.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1959, akaishia la nne. Si kwamba alikuwa mzito. Alipiga dawati kwa vidole, darasa zima likatikisa mabega, na mwalimu mkuu alipokuja na fimbo akajikuta anaipunga kama usinga. Aibu hiyo hakuisamehe, akamfukuza. Shule yenyewe Bi Njuga aliipata kwa bibi yake, aliyemrithisha ngoma ya kukaribisha wageni. Ngoma hiyo ina sharti moja: mguu wa kulia ndio unaogonga, na duara huzunguka kulia. Ukiigeuza ikaenda kushoto, hakuna karibu tena hapo. Hiyo ni ngoma ya kumfukuza mgeni aliyechokwa. Hilo lishikeni.

Tarehe 6 Mei 1972 aliolewa na fundi baiskeli, ambaye yupo hapa, na anayejua kucheza kama mlango unavyojua kuogelea. Siku ya kwanza kutoka naye uwanjani alimkanyaga hadi ukucha ukang'oka. "Sasa anioe tu," Bi Njuga akawaambia shoga zake. "Ukucha kauchukua, na mwili aubebe." Walijaliwa mabinti wawili.

Asubuhi alishona sare za shule. Jioni, kuanzia mwaka 1976, aliwafundisha watoto ngoma katika ukumbi wa mtaa, ule wenye sakafu ya mbao. Alisimama mbele yao akiwapa mgongo, ili mguu ufuate mguu. Ngoma kubwa ilipigwa na kijana mmoja aliyemtoa kijiweni mwenyewe, akamfundisha hata namna ya kushika vijiti. Kijana alikaa kwenye kigoda chake, uso kwa uso na wachezaji. Kila akiambiwa ainuke ajifunze hatua, alijibu, "Dada, mimi naona kwa macho, inatosha."

Macho hayo yaliona mengi. Jumatatu moja ya mwaka 1998, Bi Njuga alikuta kufuli jipya mlangoni, ngoma zake zote zimefungiwa ndani, na kijana yule dirishani, tai shingoni.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye meneja sasa. Kamati imeona tutafute damu mpya."

"Damu mpya? Basi fugeni kunguni."

Bango likapandishwa kwamba Meneja ndiye mwanzilishi. Bi Njuga akawahamishia watoto uani kwa mumewe, kati ya magurudumu yaliyopinda, wakapiga madumu na sufuria zilizotoboka. Machozi yake hakuna aliyeyaona. Aliyameza yakawa nyongo.

Kisha likafunguliwa soko jipya, na kikundi cha Meneja kikaitwa kumkaribisha mgeni rasmi. Bi Njuga na mumewe walisimama nyuma ya umati. Vijana wakagonga mguu wa kushoto. Duara likaenda kushoto. Kumbe bwana kigoda, miaka yote hiyo, aliitazama ngoma kwa mbele, kama mtu ajionavyo kwenye kioo!

"Mama watoto, mbona wanamfukuza mgeni?"

Bi Njuga akamfinya. "Funga mdomo. Ukisema, utajipikia mwaka mzima."

Mgeni alifukuzwa huku akipiga makofi. Tangu siku ile Meneja ametimua wakubwa wasio na idadi, na Bi Njuga hakukosa hata mara moja kwenda kutazama.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Wodini Meneja alimfuata na machungwa. "Dada, ya kale tuyaache. Nitangaze mrithi wako, ngoma isife."

Bi Njuga akamenya chungwa, akala taratibu. "Hebu nichezee, nione ninachorithisha."

Meneja akacheza kati ya vitanda, akimfukuza mgonjwa kwa ustadi mkubwa. Bi Njuga alicheka hadi muuguzi akakimbilia oksijeni. Meneja akadhani ni furaha.

Alipoondoka, Bi Njuga akamwambia binti mkubwa, "Yeye nimemlipa. Ila watoto anaowafundisha hawakunikosea, na wanakua na ngoma ya matusi miguuni. Siku mkinizika, semeni mbele yake na mbele yao." Alifariki tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa fundi baiskeli.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu saba, wanafunzi waliojaa mtaa na hasimu mmoja mzima wa afya. Mungu amzidishie umri, ayakumbuke haya.

Vijana wenye sare za ukumbi, inukeni, msione haya; simameni nyuma ya wenzenu wa uani kwa Bi Njuga, muwafuate mguu kwa mguu. Ngoma kubwa anapiga binti mkubwa. Tutaanza kushoto, Meneja, kwa ajili yako peke yako, mpaka utoke getini. Ukishatoka tutageukia kulia, tumkaribishe mwalimu wetu mahali pake pa kupumzika, naye alale kwa amani, roho yake imetua.