Aliyegonga Mlango kwenye Kopo la Tano

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofunga maduka yenu mkaja kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, fundi bomba, kazi ya kuwasomea maisha yake, na wala hawakunichagua kwa elimu, maana darasa la sita lilinitoa jasho nikaliachia palepale, ila wasomi wote waliopewa karatasi hii walifika katikati wakaanza kucheka, na haifai mtu kucheka mbele ya jeneza, kwa hiyo nivumilieni, na mkiona nimenyamaza ghafla mjue nameza mate tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, mvua ikinyesha, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu fundi saa, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mama alituhadithia kwamba hakulia alipotoka, aliangaza macho huku na huku kama mtu aliyechelewa kuingia sinema na sasa anatafuta kiti chake, jambo ambalo mkunga alilithibitisha mpaka anazeeka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana kwa miaka miwili, akaacha mwaka 1966 pale macho ya baba yalipopungua nguvu na saa za watu zikawa zinarudi kwa wenyewe zikiwa zimeharibika zaidi ya zilivyokuja, akakaa naye mezani akimshikia vijiskrubu, na hapo ndipo alipopata ile mikono yake isiyotetemeka, ambayo nyote mmeiona.

Tarehe 1 Septemba 1969 aliajiriwa kukata tiketi katika jumba la sinema lililokuwa ghorofani juu ya duka la rangi, mali ya tajiri mmoja tuliyemwita Mzee wa Rangi, viti mia na themanini vya mbao, vitatu havina migongo, na dirisha la tiketi dogo kiasi kwamba mteja alimjua dada kwa vidole kabla hajamjua kwa sura, na ndani kabisa, katika kijumba cha mashine, alikuwemo kijana mmoja mwembamba, mwendesha mashine, aliyejivunia kazi yake kupita rubani wa ndege, tukamwita Bwana Mashine, naye ndiye shemeji yetu yule pale kiti cha mbele, mwenye koti la kijivu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana maisha yote ya marehemu yanaanzia hapa. Tarehe 11 Novemba 1972 Mzee wa Rangi aliletewa kreti la picha, yeye kaagiza picha ya wapanda farasi na bastola, kafungua kakuta picha ya Kijapani, makopo matano ya bati yenye kutu, haina tafsiri hata ya neno moja, na kuirudisha ilikuwa shida kubwa kuliko kuionyesha, akasema, “Basi onyesheni hivyohivyo, watu wana macho,” na Bwana Mashine, kwa usafi wake, akayapandisha makopo juu ya paa na ndoo ya maji ya sabuni, akayasugua yakang’aa, vibandiko vyote vikabanduka vikaelea ndoo nzima, lakini akaapa kwamba mpangilio anaujua kichwani, akaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, moja mpaka tano.

Picha yenyewe ilimhusu mwanamke mmoja mjane, fundi wa miavuli, anayekaa peke yake mtaa wa karibu na daraja, na kulikuwa na mwanamume wa kupepea bendera kituo cha treni, tuliyemwita Bwana Bendera, aliyeleta mwavuli uleule kila wiki umechanika, na katika kopo la pili tulimwona amejificha nyuma ya ukuta anauchana mwenyewe kwa kisu, jumba zima likipiga kelele “Muongo huyo, mama, muongo!”, halafu kopo la nne linaanza Bwana Bendera yuko mlangoni kwa yule mama, anavua viatu, anaingia, anakula, wanacheka, wanatoka wawili chini ya mwavuli mmoja wanavuka daraja, kisha inatokea herufi moja kubwa nyeupe imejaa kitambaa chote, ambayo sote tuliijua maana yake kuwa ni mapumziko, tukatoka kwenda chooni na kununua soda, tukirudi ndilo kopo la tano, mama yuko peke yake tena, dhoruba, taa inayumba, mlango unagongwa mara tatu, anainuka, anaweka kiganja mlangoni, na hapohapo mkanda unaisha, kitambaa cheupe, basi.

Ndugu waombolezaji, watu walivunja kiti cha nne siku ile. Ikaaminika kwamba kuna kopo la sita limepotea njiani, na kuanzia wiki iliyofuata kila Jumamosi saa tisa alasiri jumba lilijaa, si kwa ajili ya picha bali kwa ajili ya ule mlango, huyu anasema ni mume aliyedhaniwa amekufa, yule anasema ni mwenye nyumba, na kinyozi wa pale kona akashikilia miaka kumi na minane kwamba ni Bwana Bendera karudi kudai mwavuli wake, tukamcheka, tukamwambia, “Wewe huyo si alishaingia, alishakula, alishaondoka, nywele zimekuingia machoni?”, naye yupo hapa leo, mzee, nitamrudia baadaye.

Lakini aliyeshikwa kuliko wote alikuwa dada yetu. Akaanza kuinama mteja anapochukua tiketi, akatuvua viatu mlangoni, akafundisha mkono wake kuokota vifungo vya shati kwa sindano mbili za kufumia, kama Wajapani wanavyokula kwa vijiti, mpaka akawa anaokota hata pini, akanunua redio ya mitumba ya kunasa mbali ili asikie Kijapani kinavyosikika, na mama akilalamika, “Mwanangu, huko unakokwenda kwa akili hakuna hata shangazi yako mmoja,” yeye akijibu, “Ndiyo maana nataka kwenda, mama, niwe wa kwanza.”

Tarehe 22 Juni 1975, siku ya Jumapili, alifunga ndoa na Bwana Mashine, baada ya uchumba wa miaka miwili uliofanyika wote kwenye ngazi za jumba la sinema, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa 1977, ambaye ni fundi umeme, na wa pili wa kike aliyezaliwa 1981, ambaye ni muuguzi, na wote wawili, ninawasema mbele yenu, walijua kula kwa vijiti kabla ya kijiko.

Jumba lilifungwa tarehe 30 Juni 1991, televisheni zilipoingia kila nyumba, na mwenzenu hakulia, alishuka ngazi kumi na saba, akaweka meza chini ya ngazi hizohizo, kando ya mlango wa duka la rangi, akaanza kutengeneza miavuli kama yule mama wa kwenye picha, na nani hapa hajatengenezewa, alirudisha mbavu, akabadilisha springi, akashona vitambaa kwa mshono usiopitisha hata ukungu, na mimi nimefunga mabomba katika majengo marefu kuliko mnavyoweza kuinua shingo, lakini sijawahi kuona kiungo kisichovuja kama mshono wa dada, ndiyo maana mkamwita Mama Mwavuli.

Kwa muda wote huo alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ni kujua nani aligonga. Aliandika barua arobaini na moja kwenda kwenye majumba ya sinema ya Japani, na kwa kuwa jina la picha hakulijua, kila barua alichora mwanamke, mwavuli na kiganja mlangoni, mpaka mwezi wa Mei 2011 bibi mmoja mwenye ukumbi mdogo wa viti hamsini akamjibu kwa Kiingereza kifupi kwamba picha hiyo anaijua, anayo kamili, na ataionyesha mwezi wa Oktoba, na siku hiyo dada alipita duka kwa duka na barua mkononi, mwanamke wa miaka sitini, anarukaruka kama msichana aliyefaulu mtihani, akamwambia mumewe, “Baba watoto, kopo la sita lipo!”, na shemeji akakohoa, akasema, “Haya, mama, chukua sweta.”

Akaondoka kwenda Japani Alhamisi tarehe 6 Oktoba 2011, akaona treni zinazofika kwa sekunde, akaona watu wanaosubiri kuvuka barabara hata kama hakuna gari, akakuta kituoni ndoo ya miavuli ya kuazimana akaigeuzageuza yote kumi na miwili akitafuta kasoro, akapata moja, akairekebisha palepale kwa koleo lake la mfukoni, mkuu wa kituo akamwinamia, naye akainama zaidi, mkuu akazidi, mpaka treni ikawaacha, na hayo yote nawahakikishia kwa sababu nimeyasimulia mwenyewe mara nyingi.

Jumapili tarehe 9, saa nane mchana, akakaa kiti cha mbele, moyo unapiga hadi jirani anasikia. Kopo la kwanza, la pili, la tatu, sawasawa, halafu akashtuka, dhoruba hiyo, mlango huo, umewahi mno, kiganja kikawekwa, na safari hii mkanda haukukatika, mlango ukafunguka, na aliyesimama nje amelowa chapachapa, mwavuli wake mzima mkononi, hauna tundu hata moja, hana tena kisingizio, alikuwa Bwana Bendera, akavua viatu, akaingia, akala, wakacheka, wakavuka daraja, ikatokea ile herufi nyeupe, na dada, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, akainuka kwenda chooni. Aliporudi mbio asikose kopo la sita alikuta taa zinawaka na mfagiaji anafagia, akamwonyesha kitambaa, akamwonyesha saa, mfagiaji akakunja mikono kifuani kumaanisha imekwisha, ndipo dada yetu akakaa chini kwenye ngazi za ukumbi akacheka mpaka bibi mwenye ukumbi akamletea maji. Hakuna kilichopotea, ndugu zangu, tulikuwa na mwisho kila Jumamosi, tukauita mapumziko, tukatoka nao kwenda kukojoa.

Akarudi tarehe 15 Oktoba, mtaa mzima umemsubiri, na hapo ndipo alipobanwa, maana kusema ukweli ni kumwambia kila mtu kwamba Bwana Mashine, fundi asiyekosea, alipanga makopo vibaya tangu siku ya kwanza, na yule mwanamume hakuwa na fahari nyingine duniani. Basi akatumia ujanja, kila aliyeuliza alimvuta pembeni akamnong’oneza na kumwapisha asitoe siri, na Jumatatu hii tulipokaa kuandika historia hii tukagundua kwamba jirani yetu anayegombana na mkwewe aliambiwa ni mama mkwe na hakufunguliwa, mwenye duka la rangi wa sasa aliambiwa ni mpaka rangi, na mimi, niliyetembea kifua mbele miaka kumi na miwili, niliambiwa kwamba aliyegonga ni fundi bomba, kaja kuzuia maji.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi wa Agosti 2023, akatibiwa akipata nafuu na kurudi, akalazwa tena tarehe 26 Februari 2024, na Jumamosi tarehe 2 Machi, saa ya kutazama wagonjwa, akamshika mumewe mkono, binti yao yupo anasikia, akasema, “Baba watoto, nina neno limenikaa, usikasirike, yale makopo,” na shemeji bila kuinua uso akamalizia, “La nne na la tano,” dada akauliza umejua lini, akajibiwa tangu themanini na nane, alipokuja yule fundi wa Kijapani aliyekuwa akifunga mtambo kiwanda cha chupa, akatazama, herufi ilipotokea akasimama, akapiga makofi, akavaa kofia akaondoka, nasi tukamsema kwamba hana adabu anaondoka katikati, kumbe shemeji alimkimbilia ngazini na yule bwana akamwonyesha kwa vidole kwamba ile herufi maana yake ni mwisho. “Na ukaniacha nikapanda ndege!” “Ulikuwa umefurahi, ningekuzuiaje?” “Na miaka mitatu yote ile kabla jumba halijafungwa hukuyapanga upya?” Ndipo shemeji akasema neno ambalo ameniruhusu kulisoma, “Kila Jumamosi picha ikiisha ulikuwa unapanda mpaka kijumba cha mashine, unanishika bega, unaniuliza, ‘Hivi unadhani ni nani?’, nami nikaona nikikujibu hutapanda tena.” Dada alicheka mpaka mashine ya moyo ikalia na muuguzi akaja mbio, na hicho, kwa maelezo ya binti yake, ndicho kicheko chake kikubwa cha mwisho.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza siku ishirini na tano kutimiza miaka sabini na mitatu, akimwacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na miavuli sita iliyokwisha kutengenezwa, ambayo wenyewe wanaombwa waipitie mezani.

Tunawashukuru daktari wa moyo na wauguzi wote wa wodi, hasa yule aliyekubali kufundishwa kuinama, tunawashukuru majirani waliopika na kubeba viti, wenzake wa zamani wa jumba la sinema, bibi mwenye ukumbi aliyetuma barua ndefu ya Kijapani tusiyoweza kuisoma lakini yenye mchoro wa kiganja mlangoni, na tunamwomba radhi kinyozi, mbele ya halaiki hii, wewe mzee ulikuwa sahihi na sisi ndio nywele zilituingia machoni.

Tukitoka hapa, saa tisa alasiri, kwa maagizo ya marehemu, nyote mnakaribishwa ghorofani juu ya duka la rangi, shemeji ameshaipaka mafuta ile mashine iliyobaki huko tangu jumba lifungwe, na jana ameandika makopo upya kwa rangi nyekundu, mbele ya mashahidi, na ile herufi nyeupe ikitokea, tafadhali sana, mtu asitoke kwenda chooni, simameni mpige makofi.

Kapumzike kwa amani, dada, aliyekuwa akigonga tumeshamfungulia.