Marehemu Eleuterio Lumapas na Mstari Mmoja wa Fomu

Marehemu Eleuterio Paculba Lumapas, ambaye wengi mlimwita Teryo, alizaliwa Carcar, kisiwani Cebu, tarehe 18 Aprili 1984, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Porfirio Lumapas, fundi viatu, na Bi. Visitacion. Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Herminia, ambaye hajalala vizuri tangu Jumanne, kwa hiyo mtamvumilia.

Alisoma hapahapa Carcar na kumaliza sekondari mwaka 2001. Chuoni alikaa muhula mmoja tu. Baba alipopooza mkono, Teryo alirudi kukata soli, na habari ya digrii ikaishia hapo.

Mwaka 2006 Mama Openg alifungua kibanda cha kompyuta za kutumbukiza sarafu. Muda ukiisha, mashine ilijizima na kufuta kila kitu. Teryo, aliyekuwa akijifundisha humo kuandika programu, alipoteza ya kwanza namna hiyo, akanuna siku mbili, kisha akaanza kuziandika kwa kalamu nyuma ya maboksi ya viatu, ili akipata mashine iwe kazi ya kunakili tu.

"We Teryo, wenzako wanacheza gemu, wanaua maadui, wewe unaandika barua?" Mama Openg alimtania.

"Naiandikia mashine. Haijibu."

"Kama haijibu, haikutaki, mwanangu. Tafuta nyingine."

Hakutafuta nyingine. Februari 2010 aliajiriwa na kampuni moja ya programu mjini Cebu. Kwenye fomu, penye elimu, aliandika kwamba amehitimu chuo. Mstari huo mmoja ulimchosha kuliko kazi yenyewe. Alikataa kupandishwa cheo mara mbili, maana aliamini angetakiwa kuonyesha cheti. Likizo hakuchukua. Alidhani akifanya kazi ya watu watatu hakuna atakayeuliza.

Tarehe 26 Mei 2012 alifunga ndoa na Marivel Tumulak, wakajaliwa binti mmoja, Althea. Marivel alimsihi sana.

"Waambie tu, mume wangu, yaishe."

"Wakijua, kesho narudi kwenye soli."

"Kwani soli zina ubaya gani? Angalau utalala."

Teryo alicheka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Miguu ilianza kuvimba mwaka 2021. Aliogopa kuomba ruhusa ya kwenda kupimwa. Alipokwenda, Agosti 2022, figo zote mbili zilikuwa zimeshindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kompyuta mapajani, na wauguzi walichoka kumwambia aizime. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jumamosi mchana, jeneza likiwa sebuleni, mkuu wake wa kazi, Bwana Recamara, alikuja kutoa pole. Herminia, kwa uchovu, akaona bora aseme ukweli: marehemu hakuhitimu chuo, familia inaomba radhi.

"Tulijua, dada," alisema Bwana Recamara. "Tuliuliza chuo, kikatujibu mwezi wa tatu tu tangu aanze. Tukaona kazi yake ni safi, kwa nini tumwaibishe? Tukanyamaza."

Herminia alimkaribisha kahawa, kisha akaenda jikoni kulia. Miaka kumi na tano! Ofisi nzima ilikuwa inamsitiri, naye alikuwa anajificha. Herminia hamlaumu mgeni. Ndivyo tulivyolelewa, mtu haaibishwi usoni, na yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza mdogo wake kwa nini amekonda. Ila inauma, na leo anaisema mbele ya watu wote kwa sababu kunyamaza kumetugharimu mtu.

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Visitacion; mjane wake, Marivel; binti yake, Althea, mwenye miaka tisa; dada yake, Herminia; na wafanyakazi wenzake kumi na wanane, waliosimama pale nyuma.

Teryo, walijua, na walikutaka hivyohivyo. Pumzika sasa, mdogo wangu. Pumzika kwa amani.