Maisha ya Mchungaji Aliyesema "Tuombee"

Baba Askofu, wachungaji, ndugu, majirani na nyote mliotufuta machozi tangu Ijumaa, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya kaka yake, si kwa sababu ana sauti nzuri, bali kwa sababu dada zake hawawezi kwa kilio, naye angalau amezoea kujieleza mbele za watu, ingawa mara nyingi ilikuwa kwenye madirisha ya uhamiaji, akieleza kwa nini pasi yake imekwisha muda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi seremala na mshonaji, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba, ambako vumbi la mbao liliingia hadi kwenye chai, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijifunza kunyamaza mapema kwa kuwa randa ilishapiga kelele za kuwatosha wote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1975 akiwa wa pili darasani, nafasi ambayo mdogo wake naye aliishika baadaye shuleni hapohapo, ila kwa kuhesabu kutoka mkiani, na Januari 1976 akaajiriwa kiwanda cha sabuni, upande wa mizani, mpaka mwaka 1981 alipoacha kazi kwenda chuo cha theolojia, jambo lililomkera baba akauliza, "Yaani unaacha mshahara kwenda kungoja sadaka?", halafu akaingia karakana akamtengenezea meza ya kusomea. Alibarikiwa kuwa mchungaji tarehe 8 Desemba 1985.

Tarehe 4 Juni 1983 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, mwanamke anayenyamazisha darasa zima kwa jicho moja, lakini ukimwomba asali mbele ya watu wazima sauti inamkauka, na Mungu akawajalia mabinti wawili na kijana mmoja.

Februari 2012 binti yao wa kwanza aliugua homa ya uti wa mgongo, baba yake akashinda na kulala kwenye korido ya hospitali akimwombea, na Jumapili tarehe 19, homa ilipoteremka, alikuja kanisani na shati lilelile la tangu Alhamisi, akatangaza kwamba Mungu amejibu, kanisa likalipuka kwa vigelegele, na watu walikuwa bado wanamkumbatia mlangoni simu ilipoita, kwamba binti ametutoka.

Tangu siku hiyo marehemu hakuomba tena, si kwa sauti wala, kama alivyomweleza mkewe, kimoyomoyo. Aliendelea kuhubiri, kubatiza, kuzika na kupatanisha wanandoa waliorushiana sufuria, na sala zilizoandikwa kitabuni alizisoma kama mtu anayesoma bei za dukani, lakini palipohitajika sala ya maneno yake mwenyewe alimgeukia aliye karibu, "Mama, tuombee," "Shemasi, tuombee," hata fundi bomba aliyekuja kuziba koki ya ofisini akaambiwa atuombee, akaomba spana ikiwa mkononi, na akaomba vizuri. Watoto wa shule ya Jumapili wakambatiza jina la Baba Tuombee, na mwalimu wa kwaya alikuwa akitutania, "Huyu akifika langoni mbinguni atasema, Petro, tuombee."

Sisi sote, Baba Askofu atusamehe kumhesabu naye, tulidhani ni mbinu ya uongozi. Mwaka 2015 aliitwa kuwafundisha wachungaji wenzake namna ya kulea waombaji, akapigiwa makofi, na mdogo wake, aliyekuwa akimwendesha kurudi nyumbani, akamwambia, "Kaka, leo umewakuna kweli," naye akajibu, "Nimewafundisha kujificha, na wote wameandika." Alipoulizwa kwa nini basi asiache kazi, alisema wagonjwa bado wanamngoja, tena hana pa kwenda, labda akabebe masanduku na mdogo wake, ambaye mwenyewe hajui kesho ataamkia bandari gani. Haya yanasomwa kwa agizo lake na kwa idhini ya mkewe.

Machi 2021 aligunduliwa ana saratani ya ini, akatuita watu wa nyumbani, akasema kufa hakumtishi, kinachomtisha ni kufa bila kusema neno na yule aliyemtumikia maisha yote, na akataka asiombewe tu, aachiwe nafasi ajaribu mwenyewe. Alijaribu kila shemeji alipotoka kwenda kuchota maji ya moto, akirudi anamkuta ameketi kitandani, viganja wazi juu ya shuka, akisema, "Bado, mama watoto."

Alhamisi tarehe 10 Novemba 2022, mchana, alianza, "Baba yetu uliye," akakwama hapo, akarudia, akakwama palepale, akalia, na shemeji, yule asiyeweza kusali mbele za watu, akaipokea mbele ya manesi na wagonjwa wote wa wodi akaifikisha mwisho, huku midomo ya mumewe ikitikisika bila sauti. Kama alikuwa akiomba naye au ni baridi tu, hatujui, na hatutawadanganya ili tufarijike. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maturubai kabla hatujaomba, wachungaji wenzake, na zaidi washarika, ambao kwa miaka kumi mlimwombea mchungaji wenu mkidhani anawafunza.

Pumzika kwa amani, kaka yetu, na lile ulilokwama nalo, umalizie huko ukiwa umetulia.