Sanduku Lisilo na Misumari

Mama Uwingabire Espérance, dada yetu mukubwa, alizaliwa Ngungu tarehe 9 Machi 1968, binti wa Papa Munyakazi na Mama Mukankusi. Mama alishikwa na uchungu akivuna viazi, ndiyo maana Papa alizoea kumutania dada kwamba alikuja duniani akiwa na haraka ya kula.

Alisoma shule ya msingi palepale Ngungu, kisha miaka miwili ya sekondari. Papa alipougua, dada aliacha masomo akajifunza kushona. Cherehani yake ilikaa soko la Kitshanga hadi mwaka jana. Ukimuletea kitambaa kibaya alikuambia palepale, mbele ya watu, na bado ulirudi kwake.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Papa Kanyamibwa Raphaël. Mungu akawapa Claudette na Archange. Vita vilipokuja, Papa Raphaël akawa askari. Alirudi mwaka 2009 akiwa muzima wa mwili, lakini mulango ukigongwa alijitupa chini. Wengine walimuita mulevi. Jamani, alikuwa mugonjwa!

Oktoba 2010 nyumba yao ilivuja, nasi wa ukoo tukaja kuwawekea mabati mapya. Dada alimutuma mume wake shambani ili asisikie nyundo. Mupini wa jembe ukavunjika, akarudi mapema. Alifika kwenye migomba tukiwa juu ya paa tunapigilia misumari. Alikimbia kuelekea misitu ya Walikale. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Hatujamuona hadi leo.

Ndipo dada akajitolea katika shirika la Tusikilizane, linalokaa na waliokuwa askari ambao vita havijawatoka kichwani. Alizunguka Masisi, akafika hata Pinga kwa pikipiki, bila mushahara. Hakugonga mulango wa muntu. Alianza kuimba akiwa bado mbali njiani, wajue anayekuja ni nani. Aliketi, akasikiliza, hata kama muntu alikuwa analia tu. Akiaga, aliuliza: "Papa Raphaël hamukumuona huko?" Kila nyumba, miaka yote hiyo. Iliniuma kumusikia.

Ugonjwa wa moyo ulimushika Januari 2025. Alikataa mulango wa nyumba ufungwe, hata wakati wa baridi. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, nyumbani Kitshanga, mukono wake ukiwa katika mukono wa Claudette. Wale aliowatembelea wanasema asubuhi ile walisikia wimbo wake njiani. Walifungua milango, hapakuwa na muntu. Mimi siwabishii.

Ameacha watoto wawili, wajukuu, sisi wadogo wake, na mume, kama angali hai.

Nimeona mukitazama sanduku hili lililofungwa kwa kamba mukanong'ona. Si umaskini. Limetengenezwa na Byamungu, seremala aliyekuwa askari, ambaye dada alimusikiliza miaka mingi. Nilipomuuliza misumari iko wapi, alinijibu bila kuinua kichwa: "Leo hatupige nyundo, kaka. Kama Papa Raphaël iko karibu, asikimbie tena."

Pumzika sasa, dada yetu. Mulango tumeuacha wazi, na tukirudi nyumbani tutaimba tangu mbali.